Saratani ya matiti: Hesabu ya 2050 tayari imekuweka ndani, wewe kijana wa Sondu

UKISHUKA matatu pale Sondu ukitoka Ahero na Katito, ni rahisi kuchanganyikiwa usijue uko kaunti gani. Ulikotoka ni Nyakach, Kisumu. Ukishika barabara ya Kapsoit, muda si mrefu uko Kericho. Ukivuka daraja la mto kuelekea Oyugis, umeingia Homa Bay. Sokoni, mananasi, ndizi, samaki na ng'ombe hukutana kutoka pande zote hizo. Muuzaji mmoja anaweza kukusalimu kwa Kidholuo, akapatana bei na mwenzake kwa Kikipsigis, kisha akakurudishia chenji kwa Kiswahili.

Sasa mfikirie mama mmoja katika soko hilo. Ni mtu wa kufikirika tu, lakini ukitafakari kidogo huenda ukaona sura ya mtu wa kwenu. Ana miaka 44, anauza ndizi. Siku moja akioga anagusa uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto. Hauumi. Na kwa sababu hauumi, anaendelea na biashara. Kuna karo ya muhula wa pili, kuna mchango wa chama Jumamosi. Miezi sita inapita. Jirani anampa mitishamba. Mwingine ananong'ona ati hiyo ni chira. Anapoenda zahanati, ngozi ya titi imeshakunjamana na kuna uvimbe mwingine kwapani. Anaambiwa aende Kisumu. Dada yake aliyeolewa upande wa Kericho anamwambia, "Njoo huku, tutakusaidia na nauli." Baadaye anafikishwa Eldoret. Pesa zinaisha. Anarudi nyumbani, na kabla ya Krismasi anazikwa.

Swali langu kwako ni dogo: mama huyu amehesabiwa wapi? Kisumu, Kericho, Eldoret, au hakuhesabiwa popote?

Unaweza kudhani hilo ni swali la makarani. Hapana. Jibu lake ndilo linaloamua kama kaunti yako itapata mashine, daktari na dawa miaka kumi ijayo. Na kama wewe una miaka 20 leo, ndilo litakaloamua utapata nini ukifika umri wa mama huyo.

Dunia inatarajia nini

Februari 2025, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitoa utabiri wake wa saratani ya matiti. Mwaka 2022, wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na takriban 670,000 wakafariki. Ikiwa mambo yataendelea yalivyo, kufikia mwaka 2050 kutakuwa na visa vipya milioni 3.2 na vifo milioni 1.1 kila mwaka.

Tazama hizo nambari mara mbili. Visa vitaongezeka kwa asilimia 38. Vifo vitaongezeka kwa asilimia 68. Yaani vifo vinatarajiwa kukimbia mbio kuliko ugonjwa wenyewe. Na mzigo mkubwa wa ongezeko hilo utaangukia nchi zenye uwezo mdogo, zikiwemo za kwetu Afrika.

Hapa Kenya, makadirio ya IARC ya mwaka 2020 yalionyesha visa vipya 6,799 vya saratani ya matiti na vifo 3,107. Makadirio ya 2022 yakapanda hadi visa 7,243 na vifo 3,398. Hii ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi nchini. Na wanaume, msijifiche nyuma ya mlango: kati ya visa 100 vya ugonjwa huu, kimoja hivi huwa cha mwanamume.

Utabiri huu hutengenezwa vipi?

Ukisikia neno "utabiri" unaweza kumfikiria mganga na vibuyu vyake. Ukweli ni kwamba hesabu yenyewe unaweza kuielewa bila kuwa profesa wa Maseno. Inahitaji vitu vitatu.

Cha kwanza ni kiwango cha ugonjwa kwa kila umri. Kati ya wanawake 100,000 wa miaka 25 hadi 29, wangapi hupata saratani ya matiti kwa mwaka? Wa miaka 45 hadi 49 je? Wa miaka 65? Ni lazima umri utenganishwe, kwa sababu ugonjwa huu huongezeka kadiri mtu anavyozidi kuwa mkubwa. Barani Afrika, wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa katika miaka ya arobaini na hamsini.

Cha pili ni idadi ya watu itakayokuwepo. Hapa wataalamu hawabahatishi sana, kwa sababu wanawake watakaokuwa na miaka 45 mwaka 2050 wameshazaliwa. Wengine wako chuoni, wengine wanasoma makala haya kwenye simu.

Cha tatu ni dhana kuhusu kitakachobadilika. Je, viwango vitabaki vilevile? Vitapanda kwa sababu maisha yanabadilika, tunazaa watoto wachache, tunanyonyesha muda mfupi, tunakunywa pombe na kunenepa? Au tiba itaboreka? Utabiri wa IARC wa 2050 ulichukua njia rahisi na ya wazi: ukashika viwango vya 2022 kama vilivyo, ukavizidisha kwa idadi ya watu wa mwaka 2050.

Kwa hivyo usije ukasoma nambari hizo kama kwamba zimeandikwa mbinguni. Zinasema tu: tukikaa vivi hivi, tutafika pale.

Tupige hesabu ya Nyakach

Chukua kalamu, au fungua kikokotoo cha simu yako.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Kaunti ndogo ya Nyakach, ambako Sondu iko, ilikuwa na watu 150,320. Gawanya. Utapata kwamba mtu mmoja kati ya kila Wakenya 316 anaishi Nyakach.

Sasa chukua visa 6,799 vya mwaka 2020 ugawanye kwa 316. Unapata kama 21 au 22. Chukua vifo 3,107 ugawanye vivyo hivyo. Unapata karibu 10.

Hiyo ina maana kwamba kama Nyakach ni sawa na wastani wa Kenya, kila mwaka wanawake zaidi ya 20 wa hapo hupata saratani ya matiti, na karibu 10 hufa kwayo. Hesabu hii ni yetu hapa, ya mkono, na lazima uishike kwa uangalifu. Kwanza, Nyakach huenda si sawa na wastani. Pili, nambari ndogo huruka: mwaka mmoja unaweza kuona visa 15 na mwingine 28 bila chochote kubadilika, kwa bahati tu, kama vile unavyoweza kurusha sarafu mara kumi ukapata kichwa mara saba. Ndiyo maana mtaalamu hafurahii wala kulia kwa mwaka mmoja. Hutazama miaka mitano au kumi.

Twende mbele hadi 2050. Tuseme, kwa mfano tu, idadi ya wanawake wa Nyakach waliopita miaka 40 imeongezeka maradufu. Viwango vikibaki vilevile, visa vinakuwa kama 43 kwa mwaka na vifo kama 20.

Ongezeko hilo, ukweli usemwe, lina upande wa furaha. Watu wa kando ya ziwa wanakumbuka miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, wakati Ukimwi ulizika akina mama wakiwa na miaka 30 na watoto wakabaki na dani zao. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure, akina mama hao wakaishi. Leo wengi ni dani wenyewe, au kogo kama wanavyosema majirani wa upande wa Kericho. Mwanamke ambaye angefariki akiwa na miaka 33 sasa anafika 60, na kufika 60 ni kufika umri ambao saratani hubisha hodi. Sehemu ya visa tunavyotarajia ni matunda ya kuishi muda mrefu.

Kwa hivyo visa vitaongezeka, karibu upende usipende. Ni vifo ambavyo bado havijaamuliwa.

Nambari inayoweza kusogezwa

Rudi kwenye makadirio ya 2022. Duniani, kwa kila visa vipya 100 kulikuwa na vifo kama 29. Kenya, kwa kila visa vipya 100 kulikuwa na vifo kama 47. Uwiano huu si nafasi kamili ya mgonjwa mmoja kufa, kwa sababu wengi waliofariki mwaka huo waligunduliwa miaka iliyotangulia. Lakini pengo hilo linakuambia kitu. Ugonjwa ni uleule, titi ni lilelile. Tofauti iko katika lini mtu anafika hospitalini na anapata nini akifika.

Kuna utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, zikiwemo jirani zetu Uganda, na Namibia, Nigeria, Afrika Kusini na Zambia. Uliitwa ABC-DO na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miaka mitatu, nusu tu ya wanawake hao walikuwa hai. Watafiti wakapiga hesabu nyingine: kama wagonjwa wangegunduliwa mapema kidogo na matibabu yaliyopo yakaboreshwa, kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeepukwa. Hiyo ni bila kungoja dawa mpya ya maajabu kutoka ng'ambo.

Utafiti huohuo uliwahesabu watoto pia. Kwa kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliofariki, zaidi ya watoto 200 walibaki bila mama. Kizazi kilicholelewa na dani kando ya ziwa kinajua hiyo nambari ina maana gani jioni nyumbani, wakati wa kuulizana nani atapika.

WHO nayo ina lengo lake: nchi zipunguze kiwango cha vifo vya saratani ya matiti kwa asilimia 2.5 kila mwaka. Unaweza kusema, "Asilimia 2.5 tu? Hiyo ni nini?" Basi rudi kwenye kikokotoo. Punguza asilimia 2.5, kisha punguza tena kwenye kilichobaki, urudie mara 25. Kiwango kinabaki karibu nusu ya kilichokuwepo.

Weka hilo kwenye mfano wetu wa Nyakach. Tulisema vifo 20 kwa mwaka ifikapo 2050 tukikaa vivi hivi. Tukifuata lengo hilo, vinakuwa kama 10 au 11. Wanawake watakuwa wameongezeka maradufu, lakini vifo vimebaki palepale vilipo leo. Tofauti ni akina mama tisa au kumi kila mwaka katika kaunti ndogo moja. Unaweza kuwapanga kwenye benchi moja refu la kanisa.

Njia yenyewe ya kufika huko WHO imeiweka kwa nambari tatu ambazo ni rahisi kukumbuka: 60, 60, 80. Zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza au ya pili. Vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituo cha afya. Na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao, wasiachie katikati kwa kukosa nauli. Mama wetu wa soko la Sondu alianguka katika zote tatu.

Masikio yetu si sajili

Huenda unakumbuka Julai 2019, au uliambiwa. Bob Collymore wa Safaricom alifariki Julai 1. Mbunge wa Kibra Ken Okoth akafuata Julai 26. Siku tatu baadaye, Julai 29, akaondoka Gavana wa Bomet Joyce Laboso, binti wa Kipsigis aliyeolewa Kisumu na akazikwa huko Koru. Wote walikuwa wakipambana na saratani, za aina tofauti. Nchi nzima ikapiga kelele: saratani itangazwe janga la kitaifa!

Uchungu ulikuwa wa kweli. Lakini kwa mtu anayetabiri, mwezi huo haukubadilisha chochote. Vifo vya watu watatu mashuhuri haviwezi kukuambia kama ugonjwa unapanda au unashuka. Vivyo hivyo ukisema "siku hizi saratani imezidi hapa Sondu" kwa sababu mmezika watu wawili wa ukoo mmoja, huenda uko sahihi na huenda umekosea. Masikio husikia kinachotangazwa. Mama aliyefariki kimya kijijini hawamsikii.

Kinachohitajika ni sajili ya saratani: kitabu, au siku hizi mfumo wa kompyuta, ambamo kila mgonjwa mpya wa eneo fulani anaandikwa mara moja tu, pamoja na umri wake, anakoishi, aina ya saratani, hatua iliyofika, na baadaye kama yuko hai. Kenya ina sajili za muda mrefu Eldoret, iliyoanza 1999, na Nairobi, iliyoanza 2001 chini ya KEMRI. Makadirio ya nchi nzima yameegemea sana sajili kama hizo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 nayo inataka kuwe na sajili ya kitaifa.

Sasa fikiria mama wa Sondu ndani ya mfumo huo. Akiandikwa Kericho kwa anwani ya dada yake, Nyakach imempoteza na Kericho imepata mgonjwa asiye wake. Akiandikwa Kericho na tena Eldoret bila mtu kulinganisha majina, amekuwa watu wawili. Akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayejaza fomu ya kifo, na sababu ya kifo anaandika anachoambiwa na jamaa. Jamaa wakisema "aliugua kwa muda mrefu", basi hivyo ndivyo ilivyo. Kwenye takwimu, saratani haikumuua.

Mji wa mpakani kama Sondu ndipo watu hupotea hivi kwa urahisi. Wanasiasa wamegombania sana mji huu ni wa kaunti gani. Ni wachache wanaogombania wagonjwa wake wahesabiwe wapi.

Mfano mzuri uko pale chini mtoni. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu cha KenGen huzalisha megawati 60 kwa kutegemea maji yanayopita, bila ziwa kubwa la kuhifadhi. Hakuna mhandisi angethubutu kujenga mitambo ile kwa kuuliza wazee kama mto "unajaa sana". Alihitaji vipimo vya maji vya miaka mingi, vya kiangazi na vya masika. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani ni ghali, na kumfundisha daktari wa saratani huchukua miaka. Vyote huhitaji vipimo vya namna hiyo. Ukikadiria wagonjwa wachache kuliko walivyo, foleni itafika barabarani.

Na hata vifo vya nyumbani vinaweza kuhesabiwa. Huko Siaya, katika maeneo ya Asembo, Gem na Karemo, KEMRI na washirika wake wamefuatilia maelfu ya familia kwa miaka mingi. Mtu akifariki, mhojaji huitembelea familia baadaye na kuuliza kwa upole: alianza kuugua lini, alikuwa na uvimbe, ulikuwa wapi, alikonda? Kutokana na majibu hayo, sababu ya kifo hukadiriwa. Si sahihi kama kipimo cha maabara, lakini ni bora mara mia kuliko "aliugua".

Jambo moja la kukuonya. Siku sajili itakapofanya kazi vizuri kando ya ziwa na vipimo kusogea karibu, nambari za visa zitapanda ghafla. Gazeti litaandika "Saratani yalipuka". Usibabaike. Huenda ugonjwa haujaongezeka hata kidogo; ni mwanga uliowashwa kwenye chumba kilichokuwa giza. Ukitaka kujua mambo yanaendaje, uliza wangapi wamegunduliwa mapema, na uliza kuhusu vifo.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, ongea nyumbani. Tunajua ni ngumu. Kijana wa kiume hamwendei mama yake na neno "titi". Lakini unaweza kuanza hivi: "Mama, kuna kitu nimesoma kuhusu saratani. Kwetu kuna mtu aliwahi kuugua? Shangazi yule wa Oyugis alifariki na nini hasa?" Andika majibu: nani, upande gani wa ukoo, akiwa na umri gani. Daktari atakuuliza hayo siku moja, na wazee wanaojua hawatakuwepo milele. Mama au dada akiwa aliugua, mwambie daktari mapema.

Pili, jua dalili, na usingoje maumivu. Uvimbe wa titi au kwapani, ngozi inayokunjamana au kufanana na ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, titi moja kubadilika umbo. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, hasa kwa vijana. Ila huwezi kuujua kwa kuutazama, wala jirani hawezi. Vipimo ndivyo vinavyojua. Kwa waliofika miaka 40, miongozo ya Kenya inapendekeza picha ya matiti ya mamogramu hata kama hakuna dalili.

Tatu, ukimsindikiza mtu wa kwenu hospitalini, hakikisha jina limeandikwa lilivyo kwenye kitambulisho, na anwani iwe ya anakoishi kweli, hata kama analala kwa dada yake Kericho wakati wa matibabu. Ukienda kwa naibu wa chifu kuripoti kifo, beba karatasi za hospitali. Sema "saratani ya matiti" kwa sauti. Haimwaibishi marehemu, na inaweza kumsaidia binti yake.

Nne, mjue mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu zaidi ya 100,000 nchini, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu. Hao ndio wanaopita boma hadi boma kabla daktari yeyote hajamwona mgonjwa. Kama mama yenu amegundua uvimbe, waanzie hapo wiki hii, si baada ya mavuno.

Na kama wewe ni yule mtu anayependa hesabu lakini anaambiwa kila siku "hesabu itakupeleka wapi", jua kwamba kuna kazi ya kutengeneza hizi takwimu. Inahitaji watu wanaojua kompyuta, takwimu na afya, lakini pia wanaojua kwamba bibi anayesema anatoka Sondu anaweza kuwa wa kaunti yoyote kati ya tatu. Wataalamu wa mbali hawawezi kukushinda hapo.

Mwaka 2050 hauko mbali hivyo. Ukiwa na miaka 19 leo, utakuwa karibu na umri wa mama wetu wa soko. Huenda utakuwa na kibanda chako pale Sondu, au unakuja tu likizo na watoto. Ukigusa uvimbe siku hiyo, au mke wako akakuita chumbani kwa sauti ya chini akuonyeshe, utataka kliniki iliyo karibu, vipimo vinavyorudi ndani ya miezi miwili, na dawa zisizoisha katikati. Mtu wa bajeti atakuwa ameshaamua kama vitu hivyo vipo, kwa kutazama nambari zilizoandikwa miaka mingi kabla.

Nambari hizo zinaanza kuandikwa sasa. Mtu wa kwenu akiugua, hakikisha yumo.